Ensaiklopidia ya wahafidhina wa Marekani imefika sekondari ya Kongwa: isomwe vipi?

Swali limetoka kwa mwalimu wa Historia wa sekondari moja wilayani Kongwa. Shule yake imeletewa maboksi ya vitabu vya msaada, na humo kimetoka kitabu kinene cha kurasa karibu elfu moja, American Conservatism: An Encyclopedia, kilichochapishwa mwaka 2006. "Mwenzangu wa Uraia anasema hii ni propaganda, tuirudishe kwenye boksi," anaandika. "Mwalimu wa taaluma anasema ensaiklopidia ni ensaiklopidia, wanafunzi wanukuu tu. Mimi nina mdahalo wa kidato cha sita, mada yake ni 'Je, Tanzania ina wahafidhina?' Kitabu hiki nikitumieje, na je, kinaweza kupima siasa za kwetu?"

Mwalimu, salaam nyingi kutoka Dodoma mjini.

Kitabu kibaki rafuni. Vitabu vizito vya rejea vinavyofika shule zetu za wilayani ni vichache mno, na hiki ni kizuri katika aina yake. Nitasikitika nikisikia kimerudi kwenye boksi. Ila wanafunzi waambiwe mapema kwamba kimeandikwa na watu wa ndani. Mchukulieni kama mzee wa ukoo anayesimulia ukoo wake. Atawatajia majina hadi kizazi cha saba, atawaeleza nani aligombana na nani na chanzo chake nini, mambo ambayo mgeni angehangaika miaka kuyapata. Hapohapo kuna ndugu atakaowapitia juujuu, na kuna mashamba ambayo hatasema yalipatikanaje. Mzee wa namna hiyo hafukuzwi kikaoni, wala haachiwi kesi ya mpaka aiamue peke yake. Anasikilizwa kwa makini, kisha watu wanatoka kwenda kuliona shamba.

Na ninyi watu wa Kongwa shamba mnalo. Nitalifikia baada ya kueleza kitabu ni cha nani.

Wahariri wake ni watatu: Bruce Frohnen, Jeremy Beer na Jeffrey O. Nelson. Kimechapishwa na ISI Books, mkono wa uchapishaji wa Intercollegiate Studies Institute, taasisi yenye makao katika jimbo la Delaware ambayo kazi yake ni kuwafikia wanafunzi wa vyuo vikuu na kuwalea katika fikra za kihafidhina. Ilianzishwa mwaka 1953 na mwandishi Frank Chodorov. Chodorov aliamini kwamba ujamaa ulipenya Marekani kupitia vyuoni, basi na dawa yake ipitie mlango huohuo. Rais wa kwanza wa taasisi alikuwa kijana William F. Buckley, ambaye mwaka 1955 alianzisha jarida la National Review, na jarida hilo likawa baraza kuu la wahafidhina wa nchi ile kwa miongo kadhaa.

Kwa hiyo mwenzako wa Uraia hajakosea kusema kitabu kina wenyewe. Ninachokataa ni dhana kwamba kitabu chenye wenyewe hakina elimu. Propaganda huficha ugomvi wa nyumbani, na hiki kinauanika. Vidahizo vyake, yaani maingizo yanayoeleza jina au mada mojamoja, ni zaidi ya 600 na vimeandikwa na watu wengi tofauti, na ukivisoma kwa mfululizo unakuta yupo anayelitukuza soko huria, na yupo anayeona soko hilohilo ndilo linaloua miji midogo, makanisa na familia. Wahariri wenyewe wanaegemea upande wa mapokeo kuliko upande wa biashara. Mwanafunzi akilijua hilo anaanza kuona kwa nini baadhi ya vidahizo vimepewa nafasi kubwa na vingine vimebanwa.

Ugomvi huo wa ndani ndio ningeanza nao darasani, kwa sababu wanafunzi wetu wengi wakisikia mhafidhina wanamwaza mzee mmoja aliyekunja uso, asiyetaka lolote libadilike. Kitabu kitawaonyesha angalau matawi matatu yaliyoishi chini ya paa moja bila kupendana sana.

Tawi la kwanza linajihesabu kuanzia kwa Edmund Burke, mbunge wa Uingereza aliyezaliwa Dublin mwaka 1729. Mwaka 1790, Mapinduzi ya Ufaransa yakiwa bado machanga na mfalme akiwa bado hai, Burke aliandika kuonya kwamba yataishia kwenye damu na udikteta wa kijeshi. Hoja yake ilikuwa kwamba jamii ni ubia wa waliokufa, walio hai na watakaozaliwa, hivyo kizazi kimoja hakina mamlaka ya kubomoa kila kitu kwa sababu kimepata mpango mzuri kwenye karatasi. Mtoto yeyote wa Ugogo aliyewahi kukaa pembeni ya kikao cha ukoo ataielewa hoja hii kabla hujamaliza kuieleza. Lakini Burke huyohuyo aliwatetea wakoloni wa Marekani dhidi ya mfalme wake mwaka 1775, na kwa miaka saba, 1788 hadi 1795, aliongoza mashtaka bungeni dhidi ya Warren Hastings, aliyekuwa gavana wa kampuni ya Waingereza kule India, kwa kuwaonea Wahindi. Hastings aliachiwa huru. Hata hivyo kumbuka mashtaka hayo, nitayahitaji mbele kidogo.

Ukoo huu ulifikishwa Marekani kwa nguvu na Russell Kirk wa Michigan, ambaye kitabu chake cha mwaka 1953 kiliunganisha mlolongo wa wanafikra kutoka kwa Burke hadi karne ya 20. Kabla yake wasomi wengi walishaamua kwamba Marekani haina fikra za kihafidhina kabisa, ina manung'uniko tu. Kirk aliwapa watu hao babu.

Tawi la pili ni la uhuru wa soko, na jina lake kubwa ni Friedrich Hayek, mzaliwa wa Vienna. Mwaka 1960 Hayek aliandika insha nzima kueleza kwa nini yeye si mhafidhina, na bado huwezi kuandika habari za uhafidhina wa Marekani ukamwacha nje. Tawi la tatu ni la wapinga ukomunisti, na wakali wake walikuwa wale waliokuwa wakomunisti wenyewe zamani, kama Whittaker Chambers na James Burnham. Frank Meyer, naye mkomunisti wa zamani, ndiye aliyejaribu kuyafunga matawi haya pamoja: dola imwachie mtu uhuru, na mtu autumie uhuru huo kuishi kwa wema uliorithiwa. Fundo hilo halikukaza sawasawa hata siku moja. Mwaka 1957 Chambers aliirarua riwaya ya Ayn Rand, mtetezi mkuu wa ubinafsi, tena ndani ya jarida lilelile la Buckley. Vita Baridi ndivyo vilivyowaweka pamoja. Ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka 1989 kila tawi lilianza kukumbuka madai yake.

Sasa twende shambani.

Wanafunzi wako wanatembea kila siku juu ya mfano ambao wahafidhina wangelipa fedha kuupata. Mwaka 1946 serikali ya chama cha Labour ya Uingereza, nchi ikiwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, ilikubali mpango wa kulima karanga Tanganyika katika ekari zaidi ya milioni tatu, na kazi ikaanzia Kongwa mwaka 1947. Mwaka wa kwanza peke yake walilenga ekari 150,000. Walichofanikiwa kupanda kilikuwa sehemu ndogo sana ya hizo. Matingatinga mengi yalikuwa mabaki ya vita yaliyochakaa, na mengine yalitengenezwa kwa kubadilisha vifaru. Mizizi ya vichaka iligoma kung'oka. Mibuyu ilivunja minyororo na mashine. Mchanga mkali uliomo kwenye udongo ulikula majembe ya chuma, na udongo wenyewe wenye mfinyanzi, jua likishaupiga baada ya mvua, uligeuka kama saruji na karanga zikabaki zimefungiwa chini. Kisha mvua ikapungua, kama inavyopungua Ugogo miaka nenda rudi. Mwanzoni mwa 1951 serikali ilitangaza kuufuta mradi, na hasara iliyoandikwa ilikuwa takribani pauni milioni 36. Sehemu ya ardhi ile ndiyo iliyokuja kuwa ranchi.

Waeleze wanafunzi wasome kidahizo cha Hayek, halafu watoke nje waiangalie ardhi. Mwaka 1945, mwaka mmoja kabla ya mpango wa karanga, Hayek aliandika kwamba ujuzi unaohitajika kuendesha uchumi haukai mahali pamoja. Umetawanyika kwa maelfu ya watu, na mwingi wake ni wa mahali na wa wakati: mvua ya huku inaanza lini, udongo wa bonde hili ukoje, nani ana jembe lisilo na kazi wiki hii. Afisa aliye London hawezi kuukusanya hata akiwa na takwimu zote. Wagogo walijua kwa nini wao hulima uwele na mtama, kwa nini mifugo hugawanywa kwa ndugu na marafiki wa mbali ili ukame wa mahali pamoja usiimalize yote, na kwa nini shamba moja kubwa lisiloisha ni hatari. Ujuzi huo haukuwa na nafasi kwenye ripoti ya wataalamu waliokagua nchi nzima kwa wiki chache, kwa sehemu wakiwa ndani ya ndege. Hapa mapokeo ya kihafidhina yamesema kitu cha kweli kabisa, na mwanafunzi wa Kongwa anaweza kukithibitisha kwa macho yake kuliko mwanafunzi wa Delaware.

Usiwaruhusu lakini waishie hapo, maana mfano huu una makali pande mbili. Chama cha Conservative cha Uingereza kiliipigia kelele karanga ya Kongwa katika kampeni ya mwaka 1950 kama ushahidi kwamba serikali za kijamaa haziwezi kazi. Wazo lenyewe lilitoka wapi? Lilitoka kwa Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, kampuni binafsi ya kundi la Unilever, na kampuni hiyo ndiyo iliyosimamia kazi mwanzoni kabla shirika la umma halijaichukua. Wafanyabiashara hawakuuona udongo vizuri kuliko mawaziri. Na sababu ya msingi iliyowawezesha wote kufika Kongwa na mashine bila kumuuliza mwenye nchi ilikuwa ukoloni, ambao wahafidhina wa Uingereza waliupenda kuliko Labour. Ukimtaka Hayek awe shahidi, muulize na hilo: ujuzi wa mahali unalindwaje pale ambapo watu wa mahali hawana kura?

Hilo linatupeleka kwenye kitu cha pili mlichonacho Kongwa, na hapa ndipo kitabu kinapaswa kusomwa kwa macho makali zaidi.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1960, Kongwa ilikuwa na kambi za wapigania uhuru. FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola na wengine walikuwa na watu wao pale, chini ya mwavuli wa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliyokuwa Dar es Salaam tangu 1963. Samora Machel alikuwa hapo kabla hajawa rais wa mtu yeyote. Wazee wa Kongwa waliishi na vijana hao, waliwauzia chakula, na wengine waliozeshana nao.

Miaka hiyohiyo, jarida la Buckley lilikuwa upande gani? Mwaka 1957 lilichapisha tahariri iliyosema kwamba wazungu wa majimbo ya kusini mwa Marekani wana haki ya kutawala hata pale wanapozidiwa idadi, kwa kuwa kwa wakati ule wao ndio walioendelea. Jimbo la Katanga lilipojitenga na Kongo mwaka 1960, wahafidhina wengi wa Marekani walimshangilia kiongozi wake, Moïse Tshombe, na mwaka 1961 wakaunda kamati ya kumuunga mkono. Barry Goldwater, mgombea wao wa urais wa mwaka 1964, alipiga kura Seneti kupinga Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka huo. Kuhusu Rhodesia (Zimbabwe ya leo) na Afrika Kusini, sauti iliyotawala katika mapokeo haya kwa muda mrefu iliwaona vijana wa Kongwa kama mkono wa Moscow kwanza, na watu wanaodai nchi yao baadaye sana, kama iliwahi kufika huko.

Wape wanafunzi kazi hii: wapekue kitabu kizima wakitafuta Afrika Kusini, Rhodesia, Katanga na haki za kiraia. Wahesabu kurasa. Wasome kidahizo cha Buckley na cha National Review na waone tahariri ya 1957 inatajwa au haitajwi, na ikitajwa inawekwa kwenye sentensi ya namna gani. Kisha walinganishe na nafasi waliyopewa wanafikra wa Ulaya ambao hawakuwahi kukanyaga Marekani. Kitabu cha rejea hufundisha kwa kile kinachosema, na kwa uzito huohuo hufundisha kwa urefu wa vidahizo, kwa majina ya waandishi walioweka saini chini yake, na kwa mambo ambayo ukiyatafuta unatumwa kwenye kidahizo kingine ambacho nacho hakiyagusi. Kazi ya namna hii inamfaa kijana wa miaka kumi na tisa kuliko kukariri tarehe za marais.

Haki itendeke pia. Buckley mwenyewe alikuja kusema mwaka 2004 kwamba alikosea, na kwamba ubaguzi wa kisheria usingeondoka bila serikali kuu kuingilia kati. Na mwaka 1986 Rais Ronald Reagan alipotumia kura ya turufu kuizuia sheria ya vikwazo dhidi ya Afrika Kusini, Seneti iliyokuwa na wengi wa chama chake cha Republican iliipindua turufu hiyo kwa kura 78 dhidi ya 21, akiwemo Seneta Richard Lugar, Mrepublican aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje. Hapo ndipo mashtaka ya Burke dhidi ya Hastings yanaporudi. Mtu anayeamini kwamba kila taifa lina mapokeo yake yanayostahili heshima, na kwamba mamlaka yasiyowajibika kwa wanaotawaliwa ni uonevu, ana sababu zote za kusimama na vijana wa kambi ya Kongwa. Mapokeo yaliyomtukuza Burke yalikuwa na zana za kuuona ukoloni na ubaguzi kwa jina lake. Wengi walioyabeba hawakuzitumia. Kwa maoni yangu hilo ndilo doa kubwa zaidi la ukoo ule, na mwanafunzi wa Kitanzania asilikwepe kwa adabu.

Tarehe ya kitabu nayo waiandike ubaoni. Kilitoka mwaka 2006: George W. Bush yupo madarakani, vita vya Iraq vinaendelea, Buckley bado yu hai. Hakimjui Rais Barack Obama, hakimjui Donald Trump kama mwanasiasa, hakijui kwamba mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta uamuzi wa 1973 uliolinda utoaji mimba. Kwa siasa za leo za Marekani hakifai hata kidogo. Kwa mizizi yake kinafaa sana, kwa sababu wengi wa wale waliogombana baada ya 2016 wanatoka kwenye matawi yaliyoelezwa humo.

Sasa swali lako la mwisho, kama kinaweza kupima siasa za kwetu. Kama rula, hapana. Kama chanzo cha maswali, ndiyo, na mdahalo wako utakuwa mzuri zaidi kama hoja zitaanzia kwetu na kitabu kitaitwa baadaye.

Nakushauri usiwaache wakimbilie jibu rahisi kwamba CCM ni wahafidhina kwa kuwa wako madarakani muda mrefu. Chama kilichozaliwa tarehe 5 Februari 1977 kwa kuunganisha TANU na ASP kinautaja ujamaa na kujitegemea katika katiba yake. Chama hichohicho kwa Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 kililegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa na Azimio la Arusha. Vyama vya upinzani navyo ukivipima kwa kigezo cha Kirk au cha Hayek vinakupa matokeo yanayopishana kutoka ukurasa mmoja wa ilani hadi mwingine. Majina ya vyama hayatawafikisha mbali. Wapeleke kwenye matukio.

Chukua Tume ya Jaji Nyalali. Mwaka 1991 ilizunguka nchi kuuliza kama tubaki na chama kimoja au tuwe na vyama vingi, na takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 vikaja. Ndani ya tukio hilo moja kuna kila kitu cha mdahalo: wananchi walioshikilia walichokizoea kwa hofu ya kuvunja amani, na viongozi walioamua kubadilisha mapema ili kisivunjike kwa nguvu. Burke angewasifu wepi? Mimi nadhani angegawanyika, maana ndiye aliyeandika kwamba dola isiyo na njia ya kujibadilisha haina njia ya kujihifadhi.

Au mchukue Mwalimu Nyerere. Mwaka 1962 aliutetea ujamaa kwa kusema tayari umo katika familia ya Kiafrika ya asili, yaani mapinduzi yaliyosimama juu ya babu. Mwaka uliofuata serikali yake ikafuta kisheria mamlaka ya machifu, naye akiwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Huyo utamweka tawi gani?

Halafu kuna vijiji. Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliwatoa Wagogo kwenye makazi yaliyotawanyika na kuwapanga kwenye vijiji vya ujamaa, na kuanzia 1973 agizo likawa la nchi nzima. Watu waliacha tembe zao zilizokuwa karibu na malisho na mashamba wanayoyajua, wakasogezwa kando ya barabara ambako shule na zahanati zingeweza kuwafikia. Shule na zahanati zilikuja kweli kwa wengi. Udongo kuzunguka vijiji ulichoka haraka, na ng'ombe wakawa wanatembea mbali zaidi. Mwanafunzi aliyesoma Hayek na Kirk ataona mara moja kwamba hoja ya ujuzi wa mahali inagusa hapa kama ilivyogusa karanga. Mwonye tu kwamba ukosoaji maarufu kuliko wote wa vijiji vyetu katika vitabu vya kimataifa, ule wa James C. Scott wa mwaka 1998, uliandikwa na mtu aliyekuwa karibu na fikra za kianaki, yaani za kutoiamini dola, hakuwa mhafidhina. Kuona kasoro za mpango mkubwa hakumfanyi mtu awe wa ukoo wa Burke.

Mtu ambaye ningependa awe moyo wa mdahalo wako ni Mathias Mnyampala. Mwaka 1954, mwaka mmoja tu baada ya kitabu cha Kirk, Mnyampala, Mgogo mzaliwa wa wilaya ya Dodoma, alichapisha historia, mila na desturi za Wagogo. Kitabu kile nacho ni cha mtu wa ndani: kinahifadhi koo, watemi na taratibu za maisha ili zisipotee. Ukikipata, wanafunzi wakisome kwa maswali yaleyale niliyoyapendekeza kwa kile cha Marekani, nani katajwa, nani kapitwa, mwandishi kasimama wapi, maana shahidi wa kwetu hapewi msamaha kwa kuwa ni wa kwetu. Kisha wafuatilie maisha yake. Mtu huyohuyo aliyehifadhi mila za Ugogo ndiye aliyeikuza ngonjera na kuifanya chombo cha kusambaza siasa ya ujamaa na kujitegemea mashuleni na mikutanoni hadi alipofariki mwaka 1969. Anayesema Tanzania ina wahafidhina ataanzia kwake. Anayesema haina ataanzia kwake vilevile. Ndiyo maana nampenda kwa kazi hii.

Mwalimu wa taaluma mjibu hivi: wanafunzi wanukuu, ila kila nukuu itaje jina la aliyeandika kidahizo na mwaka 2006, na isisimame peke yake. Dai lolote kuhusu Afrika lililotoka humo litafutiwe chanzo cha pili kutoka Afrika. Mwenzako wa Uraia mkaribishe awe jaji wa mdahalo. Mtu mwenye shaka nacho atawabana vizuri.

Kwa vitendo, usijaribu kukisoma chote. Toa fotokopi ya vidahizo vitatu, Burke, Hayek na Buckley, gawa kwa makundi matatu, wape wiki mbili. Kundi la nne lisiguse kitabu kabisa. Hilo liende mitaani Kongwa na daftari, likaulize habari za karanga na za kambi: nani alilipwa nini, nani alihamishwa, matingatinga yalikwama wapi, vijana wa kambini walikuwa wanasema wanatoka wapi na wanataka nini. Waandike majibu kama yalivyosemwa, kwa Kigogo au Kiswahili, na waombe ruhusa kabla ya kurekodi kwa simu. Waliokuwa watoto wakati wa mradi wa karanga sasa wamepita miaka themanini, kwa hiyo kundi hili lianze kazi wiki hii, kabla hata fotokopi hazijatoka.